Mashua Pembeni mwa Vita

Mgeni aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha, viatu vyake vya mti vikiwa mkononi na soksi zake zimelowa matope hadi magotini. Dieuwertje, ambaye alikuwa amemaliza tu kusugua sakafu, aliziangalia soksi kwanza, uso baadaye.

"Dada, hata bata wa mferejini hupiga kelele kabla ya kuingia," alisema.

Mgeni aliomba radhi. Alikuwa amegonga mlango wa mbele mpaka vidole vikafa ganzi, alisema, na alikuwa anamtafuta Harmen Duyf, naibu wa mkuu wa sheria wa Enkhuizen. Harmen alikuwa mezani akinywa uji wa maziwa, fimbo yake ya kazi imeegemea ukuta nyuma yake. Aliinua kijiko kuwaonyesha mgeni na Dieuwertje, dada yake, kwamba naibu ndiye huyo, na kwamba bado ana njaa.

"Naitwa Machtelt Tolling," mgeni alisema. "Nimetoka Medemblik kwa miguu."

Kijiko kilirudi bakulini. Kutoka Medemblik kwa miguu, juu ya tuta, katika upepo ule wa Desemba, ilikuwa safari ya mtu mwenye shida; lakini barafu ilikuwa imefunga mifereji na mashua za abiria hazikuwa zikitembea. Hata hivyo si safari iliyomshtua Harmen. Ni jina. Aelbrecht Tolling ndiye mchoraji aliyepelekwa kiangazi kilichopita kwa mashua ndogo katikati ya vita, baina ya manowari zao na za Waingereza, akichora kila alichokiona huku mizinga ikilia pande zote. Tolling alikuwa amefariki mwezi uliopita. Picha yake kubwa ilitundikwa katika chumba cha juu cha baraza, na leo alasiri picha hiyo ilikuwa inakwenda kumuua mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Kapteni Lubbert Kroon wa manowari Korongo. Alishitakiwa kwamba vita vilipokolea aligeuza meli yake na kumwacha amiri amezingirwa. Aliyemshitaki ni Kapteni Reynout van Delden wa manowari Mwezi Mchanga, aliyeapa kwamba yeye ndiye aliyebaki ubavuni mwa amiri. Meli zote mbili zilirudi zimetobolewa. Mabaharia walikuwa wameshalipwa na kutawanyika, wengine makwao, wengine kwenye meli za biashara. Kroon alisema hivi, Van Delden akasema vile, mpaka mwenyekiti wa mahakama, Bwana Adriaan Voorhout, akainua kidole na kuonyesha ukutani. Tolling alikuwepo, alisema, na Tolling hakuwa na rafiki kwenye meli yoyote. Katika picha, meli yenye sanamu ya korongo nyuma yake ilikuwa ikiondoka, matanga yamejaa upepo. Yenye hilali, alama ya Mwezi Mchanga, ilikuwa motoni pamoja na amiri. Kengele ya alasiri ikilia, hukumu ingesomwa, na kwa kosa hilo hukumu ilikuwa moja: risasi, juu ya sitaha ya meli yake mwenyewe.

Machtelt alikuwa ameyasikia hayo sokoni jana. Marehemu alikuwa baba yake mdogo. Yeye ndiye aliyemsagia rangi na kumpakia mbingu na maji, kwa sababu mzee alipenda kushughulika na meli tu.

"Siku zake za mwisho alikuwa akimtaja Korongo," alisema. "Alimwita 'yule aliyekaa motoni.' Sasa nasikia picha yake inasema Korongo alikimbia. Baba mdogo alikuwa na makosa yake, Bwana Naibu. Kulaghai kwa brashi hakukuwemo."

"Umeiona picha tangu itundikwe?"

Hakuwa ameiona. Alfajiri ile alikwenda barazani akafukuzwa ngazini; mwanamke asiye na barua ya wito haruhusiwi kupanda.

Dieuwertje, ambaye ukali wake haukuwahi kudumu kuliko unyevu wa sakafu yake, alimwekea mgeni sahani ya mayai ya kukaanga na kipande cha mkate mweusi. Machtelt alikula kwa pupa, lakini aliupambua ute kwa kisu na kuviacha viini pembeni mwa sahani.

"Huko kwenu viini ni mwiko?" Dieuwertje aliuliza.

"Nisamehe, dada. Wiki ile ya mwisho ya kazi tulikula viini asubuhi na jioni. Mpaka leo nikikiona kimoja, nakisogeza pembeni."

Harmen alisikia, lakini akili yake ilikuwa imeshafika barazani. Alisimama, akachukua fimbo, akamuuliza anataka afanyiwe nini hasa.

"Uitazame kwa macho yako. Hilo la kwanza." Machtelt alisita. "La pili ni dogo. Pembeni, chini, upande wa kushoto, kuna mashua, na ndani yake mtu mmoja mwenye kofia nyekundu ya sufi, ana ubao magotini. Ndiye yeye. Hajawahi kujichora pengine, na hakuna mtu mwingine aliyemchora. Wakiamua picha ni ya uongo watataka kuikwangua au kuikata. Wafanye wapendavyo na manowari zao. Mashua ile isiguswe."

"Haitaguswa."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi," Harmen alisema. Jikoni palikuwa na joto, na maneno hayo yalitoka kwa urahisi.

*

Chumba cha juu kilinuka makaa na manyoya yaliyoloa. Mzee Sijmen, mtunza jengo, alimfungulia akisema ana haraka, wakubwa wanataka majiko yawake kabla hawajafika, na wakubwa siku hizi wanasikia baridi kuliko wazee kama yeye.

Harmen alisimama mbele ya picha. Ilikuwa pana kuliko kitanda cha watu wawili. Bahari ilikuwa ya kijivu, yenye mawimbi mafupi ya kina kidogo, kama bahari yao ilivyo. Katikati, meli ya amiri ilikuwa imezungukwa, na bendera yake ndefu nyekundu imeinamia hadi kwenye shetri ya meli iliyosimama nayo ubavu kwa ubavu. Shetri hiyo, ule ukuta wa nyuma wa meli ambao wachongaji huupamba kwa sanamu ya jina lake, ilikuwa na hilali ya dhahabu. Mbali kulia, meli nyingine ilikuwa inaondoka kwa utulivu wa mtu anayetoka kanisani. Kwenye shetri yake alisimama korongo, mkunga mweusi, yule samaki mrefu kama nyoka, akining'inia mdomoni.

Alimfahamu korongo huyo. Kila mtu mjini alimfahamu. Meli ilikuwa imefungwa bandarini, na watu walikuwa wakimpita kila siku wakienda kununua samaki. Picha ilikuwa wazi kama kiapo.

Alikwenda dirishani na kurudi. Hakuweza kusimama mahali pamoja. Alipoitazama picha kwa upande, mwanga wa dirisha uliteleza juu yake kama juu ya maji yaliyotulia, kasoro mahali pawili. Hilali ilikuwa butu. Korongo naye alikuwa butu.

"Umeipangusa na nini, mzee?"

"Unyoya wa bata bukini, na kwa heshima zote."

"Hapa na hapa mbona hapang'ai?"

Sijmen alisema ni moshi wa jiko. Harmen aliangalia jiko. Lilikuwa ukutani, upande wa pili kabisa. Aliuliza ni nani amekuwa akija kuitazama picha. Mzee alijibu kwamba Kapteni van Delden hakosi, tena husimama sana mbele yake, na si ajabu, kila mtu hupenda kujiona amependeza.

Rushwa, basi, Harmen aliwaza akishuka ngazi. Huenda Van Delden alimnunua mchoraji, na binti amekuja kusafisha jina la marehemu. Kwa hatua kadhaa aliamini hivyo kabisa. Wazo hilo lilimchukiza, hasa alipokumbuka jinsi alivyoitikia haraka kule jikoni.

*

Kapteni Kroon alikuwa amefungiwa katika chumba juu ya lango la mji. Alikuwa mtu mfupi, mpana, na alikuwa akitembea ukuta hadi ukuta. Harmen naye alijikuta akitembea, wakawa wanapishana kama walinzi wa zamu.

Alimuuliza kuhusu matundu ya mizinga kwenye shetri yake, kwa maana hilo lilikuwa pigo kubwa dhidi yake: anayepigwa risasi mgongoni amegeuza mgongo. Kroon alieleza kwa uchovu, kama mtu aliyeeleza mara nyingi, kwamba aliiingiza meli baina ya amiri na Waingereza wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Yule wa nyuma ndiye aliyeivunja shetri nzima, hapakubaki hata ubao wa kuchokonolea meno.

"Ndege wangu alikwenda majini," alisema. "Naye alikuwa mzee kuliko mimi."

"Na mkunga wake."

Kroon alisimama. "Mkunga gani?"

"Wa mdomoni."

Kapteni alicheka, kicheko cha kwanza kusikika katika chumba kile kwa muda. "Huyo ni wa sasa, bwana. Wa zamani alikuwa amelala kwenye kiota. Makapteni wenzangu walinisumbua kwa hilo miaka yote. 'Lubbert, unaatamia? Lubbert, vifaranga lini?' Shetri ilipovunjwa, mabaharia wangu wakaniomba tuchonge mwenye mkunga mdomoni, angalau aonekane anafanya kazi. Nikakubali. Alipachikwa nikiwa tayari nimefungwa humu. Sijamwona hata mara moja."

Harmen alikuwa ameacha kutembea.

Ndiyo, watu wa baraza walikuwa wakimpita korongo mwenye mkunga kila asubuhi. Nani angekumbuka alivyokuwa kabla? Hata yeye hakukumbuka. Lakini Tolling alichora vita vya kiangazi. Katika vita vile hapakuwa na mkunga.

Alimuuliza kapteni kama amewahi kuonyeshwa picha. Hakuwahi, iliingizwa kwenye kesi siku ambayo yeye hakuitwa. Alipokuwa akiondoka, Kroon alimuuliza kama atarudi na habari. Harmen alijibu kwamba hataki kutoa ahadi nyingine leo.

*

Kwenye karakana ya meli upepo ulikuwa ukipuliza takataka za mbao usoni. Msimamizi alimwambia bila kusita: shetri mpya ya Korongo ilipachikwa baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martini, mwezi uliopita, na aliyeipaka rangi ni Govert Slink. Picha nayo, kama mji mzima ulivyojua, ilikuwa imeshaletwa kwa fundi wa fremu siku ya Mtakatifu Martini yenyewe, kwa sababu watoto waliokuwa wakizunguka na taa zao waliifuata barabarani wakiimba.

Slink alikuwa amepanda ngazi, akipaka buluu kwenye nguva wa mbele ya meli ya biashara. Alikuwa kijana mrembo, mwenye mikono myepesi, na aliteremka akitabasamu.

"Naibu mwenyewe," alisema. "Nguva wangu amekosa nini? Nimfunike kifua?"

"Yeye hajakosa. Korongo ulimpaka wewe?"

"Mimi. Amependeza, au sivyo? Mkunga yule nilimchunguza sokoni nusu siku, mpaka muuzaji akaniambia nimwoe."

Harmen alimsifu mkunga. Kisha akamuuliza, kama mtu anayepitisha muda, kazi nyingine anazofanya majira ya baridi, meli zikiwa chache. Slink alisema hufanya za hapa na pale: vibao vya maduka, mikokoteni ya kuteleza kwenye theluji, na kupaka dhahabu fremu za picha.

"Fremu ya picha ya baraza pia?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini lilikuwa limekufa. "Fremu, ndiyo. Siku kadhaa hivi, nikiwa peke yangu dukani. Ni dhahabu nzuri ile."

"Van Delden alikuja kukutembelea?"

"Makapteni huja. Wanapenda picha." Slink alianza kuifuta brashi yake, akaifuta zaidi ya ilivyohitaji. Kisha akauliza kitu ambacho Harmen hakuwa amekitaja: "Picha ile ni mali ya mji, au siyo? Hawezi mtu akaigusa tu."

"Nani amesema ataigusa?"

"Hakuna. Nasema tu."

Harmen hakuwa na la kumbana nalo. Angemwambia nini Voorhout? Kwamba korongo ana mkunga? Voorhout angejibu kwamba marehemu alimwongezea mkunga kwa urembo, au kwamba alisikia habari za shetri mpya. Alimhitaji mtu wa kuthibitisha kwamba rangi ile iliwekwa juu, baadaye, na mkono mwingine, na shahidi pekee alikuwa chini ya udongo wa Medemblik. Aliwaambia walinzi wawili wamwangalie Slink asitoke mjini, akarudi nyumbani karibu anakimbia, fimbo kwapani.

Machtelt alikuwa akisaidia kuchambua njegere kavu. Sahani yake ya asubuhi bado ilikuwa mezani, viini vimekauka pembeni. Dieuwertje hakuwa mtu wa kutupa chakula. Bila shaka alikuwa anasubiri mgeni abadili nia.

Harmen aliitazama sahani ile kwa muda.

"Viini mlikula," alisema. "Ute ulikwenda wapi?"

Machtelt aliinua kichwa kwa mshangao. Kwake lilikuwa jambo la kila siku. "Kwenye picha. Picha changa haiwekwi vanishi ya kweli mpaka ikauke mwaka mzima. Tunaipaka ute uliopigwa povu, ing'ae na isishike vumbi. Mwakani ungeoshwa kwa maji tu, ndipo vanishi iwekwe."

"Kwa maji tu."

"Maji ya uvuguvugu na kitambaa cha kitani."

"Na mtu akipaka rangi juu ya ute huo?"

"Itatoka pamoja na ute," alisema polepole. "Mchoraji yeyote analijua hilo."

Lakini fundi wa kupaka meli rangi halijui, Harmen aliwaza. Meli hupakwa lami na mafuta. Hakuna aliyewahi kuipaka meli mayai.

Machtelt alimpa kitambaa na maelekezo, akiyarudia kama mtu anayemkabidhi mwingine mtoto mchanga. Asikamue. Asisugue kwa duara. Na ajihadhari na nyekundu, kwa sababu nyekundu aliyoitumia baba yake mdogo huchelewa kukauka kuliko rangi zote. "Huenda imeshashika, huenda bado. Jaribu kwanza padogo penye nyekundu, ujue mkono wako uwe mwepesi kiasi gani."

Kengele ya mnara ilianza kulia kabla hajavuka daraja.

*

Mahakama ilikuwa imeshakaa. Kroon alisimama baina ya askari wawili. Van Delden alikaa kwenye benchi la mashahidi, mrefu, amevaa kola safi, miguu imenyooshwa. Machtelt alibaki chini ngazini. Hata kwa ombi la Harmen hakuruhusiwa kupanda.

Voorhout alimsikiliza naibu hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, na kilichokuwa kikiletwa mbele yake ni bakuli la maji. Aliuliza kama ni kweli picha inaweza kuharibika. Harmen alikiri kwamba inaweza, hasa penye nyekundu.

"Basi ujaribu kwanza mahali pasipo na hasara," Voorhout alisema. Alisimama, akainamia picha, akaitembezea macho. Kila nyekundu iliyokuwamo ilikuwa bendera ya meli fulani, na kila meli ilikuwa na mwenyewe, na wenyewe wengine walikuwa wamekaa mle chumbani. Kidole chake kikashuka kushoto, chini kabisa. "Hapa. Kofia ya huyu mvuvi. Ikivumilia kofia, itavumilia na bendera ya amiri."

Ilikuwa busara. Ndivyo Machtelt mwenyewe alivyomfundisha afanye. Harmen alimtazama mtu mdogo mwenye kofia nyekundu, aliyeinama juu ya ubao wake huku dunia ikilipuka mgongoni mwake. Uso wake haukuwa mkubwa kuliko punje ya njegere, lakini ulikuwa uso. Ulikuwa umekunja kipaji kama Machtelt alivyokunja akieleza kuhusu kitambaa.

"Hapo hapana, Bwana Mwenyekiti."

"Kwa nini?"

"Nimeahidi."

Mtu mmoja alicheka. Van Delden alisema, kwa sauti ya upole, kwamba naibu anatafuta njia ya kurudi nyuma, na kwamba si aibu, wengine hurudi nyuma mbele ya mizinga, seuze bakuli.

"Umemwahidi nani?" Voorhout aliuliza.

"Ndugu wa marehemu."

"Yuko hapa?"

"Hayuko." Wala hangejua kofia ikiguswa, Harmen aliwaza. Hangejua mpaka kufa.

Voorhout aliketi. Alisema, bila hasira, kwamba hawezi kumzuia naibu kuleta ushahidi wakati roho ya mtu iko hatarini. Aende moja kwa moja kwenye shetri akitaka. Lakini akikataa jaribio, lolote litakaloharibika ni juu yake, na afisa anayeharibu mali ya mji kwa ukaidi hawezi kuendelea kubeba fimbo ya mji. "Fikiri, Duyf. Ni kofia tu."

Harmen aliiegemeza fimbo mezani, akatumbukiza kitambaa.

Alianza na hilali. Alilaza kitambaa, akahesabu pumzi zake, akakivuta kuelekea chini. Hakuna kilichotokea. Alikilaza tena. Nyuma yake benchi lililia. Van Delden alikuwa amekusanya miguu. Mara ya tatu, dhahabu ililegea kama ngozi ya maziwa, ikaja na kitambaa, na chini yake ikatokea kahawia, vijiti vilivyosukwa, kisha shingo ndefu nyeupe iliyokunjwa. Korongo alikuwa amelala kwenye kiota, ubavuni mwa amiri, katikati ya moshi.

"Anaatamia," Kroon alisema.

Harmen alivuka hadi kulia, akamlowesha korongo wa pili. Mkunga alitoka kwanza, akateleza mzimamzima kama aliyekuwa hai, halafu ndege, na pale mahali pao pakang'aa hilali ndogo, kamili, ikiondoka vitani kwa matanga yaliyojaa.

Voorhout aliagiza Slink aletwe. Hakuhitaji kubanwa. Alipoiona picha alikaa sakafuni, akamtaja Van Delden kabla hajaulizwa. Kapteni yule mrefu alisimama na kusema neno kuhusu heshima yake, lakini askari waliokuwa pembeni mwa Kroon walikuwa wameshahamia upande wake.

Kroon aliambiwa yuko huru. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha, akasimama akimtazama ndege wake wa zamani, kofia mkononi.

Ndipo Voorhout aliponyoosha kidole. Bendera ndefu ya amiri, ile iliyoinamia kwenye shetri, ilikuwa imetoka kingo zake. Ilikuwa imevutwa chini na kitambaa, wekundu wake umemwagikia baharini kama doa la divai. Nyekundu ilikuwa haijashika. Mkono wa Harmen ulikuwa mzito mno, na hakuwa na njia ya kujua.

"Ungejaribu kwenye kofia," mwenyekiti alisema, karibu kwa huzuni, "ungejua."

"Ningejua, bwana."

"Umemwokoa mtu leo. Hilo litaandikwa. Na hili nalo lina neno lake, nililitamka mbele ya wote." Alinyoosha mkono mezani, akaichukua fimbo, akailaza upande wake.

Harmen alishuka. Upepo ulikuwa ukipanda ngazini kutoka mlangoni, na Machtelt alikuwa amesimama kwenye kidato cha mwisho, viatu vya mti miguuni, kama mtu aliye tayari kukimbia upande wowote. Harmen alimwambia kwamba Korongo alikaa motoni, na kwamba sasa wote wameona. Machtelt alifunika uso kwa viganja.

"Na mashua?" aliuliza.

"Iko vilevile. Kofia iko kichwani."

"Ulijaribu wapi, basi?"

Harmen alimrudishia kitambaa chake cha kitani. Machtelt akaitazama mikono yake: mmoja una rangi nyekundu mpaka kwenye kifundo, mwingine hauna fimbo.